Si Pombe Iliyosema

Ngoingwa, Thika
10 Februari 2025

Kwa Bi. Kalondu Mbaluka,
Gitothua, Ruiru.

Bi. Kalondu,

Nimekupigia simu tangu jana na kila mara unaikata. Kwa hivyo naandika. Karatasi haikatwi.

Mimi ni mzee wa kanisa na ni baba wa watoto wanne. Sijawahi kuaibishwa ndani ya boma langu kama ulivyoniaibisha siku ya ruracio, siku ya kuleta mahari. Mlikuja kumwombea ndugu yako Kyengo mkono wa binti yangu Gathoni. Tuliwapokea vizuri. Wanawake wetu waliwaimbia langoni mpaka sauti zikakauka. Kisha wewe, dada ya bwana harusi, ukashusha pipa kutoka kwa pikapu, ukalifungua mbele ya wazee, na kikatoka kitu cheusi kama oili ya trekta. Ukasema ni bia. Ukasema imelala mwaka mzima ndani ya pipa lililokuwa na wiski. Ni nani alikuambia wazee wa ruracio wanataka kujua bia ililala wapi?

Desturi yetu ni muratina, pombe ya asali. Wazee wanaijua, nayo inawajua. Hiyo yako haikumjua mtu. Mzee Maina alianguka kwa bustani ya sukuma wiki ya mke wangu na akakataa kuinuliwa, akisema hapo ni pazuri. Mwingine alianza kuimba wakati wa maombi. Na ndugu yangu Githae, akiwa amelewa, alisimama mbele ya wageni akasema maneno ambayo sitayarudia hapa, maneno ya ulevi ambayo mtu mwenye akili zake hawezi kuyasikiliza.

Wewe, badala ya kuomba radhi kwa kulewesha wazee wangu, uliziba pipa, ukalirudisha kwa pikapu, ukaondoka na watu wako chakula kikiwa mezani. Kwetu, zawadi ikishaingia lango hairudi. Sijui kwenu.

Nataka barua ya kuomba msamaha, iliyoandikwa kwa mkono wako, niwasomee wazee. Mpaka niipate, mazungumzo ya harusi yamesimama.

Mburu,
Baba Gathoni


Gitothua, Ruiru
13 Februari 2025

Mzee Mburu,

Sitakuuliza habari yako. Nimeisoma.

Umejaza karatasi mbele na nyuma lakini umesahau jambo moja tu, lile Githae alisema. Acha nikuandikie mimi, ili ukiwasomea wazee wako uwasomee yote.

Hiyo unayoita oili nimeipika mwenyewe, kwa kiwanda hiki cha Gitothua ambacho mimi ndiye mpishi wake mkuu. Nilikaanga shayiri mpaka ikakaribia kuwa kahawa. Nilianza siku ile Kyengo aliniambia kuna msichana anaitwa Gathoni na hacheki naye. Wazazi wetu walipokufa Kyengo alikuwa bado anavaa kaptula. Mimi ndiye nilimlea. Sina ng'ombe wa kurithi wala shamba la kujigamba nalo. Nina kazi ya mikono yangu, na hiyo ndiyo nilikuletea. Muratina pia tulileta, mitungi miwili, na mama Gathoni aliipokea akashukuru. Hiyo nayo umeisahau.

Nilikuja na glasi ndogo. Nilisema kwa sauti, na mjomba wangu Kivuva akarudia: hii ni kali, ni karibu mara mbili ya bia mnayoizoea. Inaonjwa polepole. Mtu anaweka kidogo mdomoni anangoja, anasikia sukari iliyoungua, halafu moshi, halafu mbao, na mwisho ule moto wa wiski kifuani. Ni nani alisema, "Glasi ni ya watoto, leta kikombe"? Ni wewe. Wazee wengine walikufuata kwa sababu wewe ndiye mwenye boma.

Kikombe cha kwanza ulifunga macho. Cha pili ukasema kila mtu akisikia, "Hii ni ya ng'ambo. Hii haiwezi kutoka hapa kwetu." Nikakujibu, "Ni ya Gitothua, Mzee. Nimepika mimi." Uliweka kikombe chini kama mtu ameona inzi ndani.

Hapo ndipo Githae alisimama. Akasema, "Mburu, maliza. Si jana ulituambia huyu ni mama pima na hawezi kukanyaga sebule yako? Mbona umekunywa ya mama pima mara mbili?"

Mama pima. Mwanamke wa kuuza chang'aa, pombe haramu, kwa kikopo nyuma ya mabati. Mjomba wangu ambaye hana nguvu ya kusimama bila fimbo alisikia hayo. Kyengo alisikia. Nilikutazama nikingoja useme, "Sikusema." Ulitazama viatu vyako. Nilingoja mpaka nikaona aibu kwa niaba yako, ndipo nikaziba pipa.

Msamaha sitaandika. Kalamu unayo wewe.

Kalondu Mbaluka


Ngoingwa, Thika
17 Februari 2025

Bi. Kalondu,

Barua yako imejaa kiburi, na sasa naona Kyengo alilelewa vipi.

Githae alikuwa amelewa. Mlevi hata mbuzi humwita shemeji. Pombe yako ndiyo iliyosema, na wewe ndiwe uliyeipika, kwa hivyo maneno hayo ni yako, si yangu. Mimi sijawahi kutamka neno hilo. Hata kama ningelitamka, na sikulitamka, baba ana haki ya kuuliza binti yake anapelekwa nyumba gani.

Unaniambia kuhusu shayiri na mbao na moto kifuani. Pombe ni pombe. Iwe kwa pipa la Wazungu, iwe kwa debe kando ya mto, mwisho wake ni mmoja: watoto kulala njaa na askari kupiga mlango kwa rungu. Haya mambo nayajua. Usiniulize nimeyajulia wapi.

Mbuzi wenu wa mahari wako hapa wanakula majani yangu bure. Mnaweza kuja kuwachukua.

Mburu


Gitothua, Ruiru
19 Februari 2025

Mzee Mburu,

Dereva wetu Tobias atakuja Jumamosi asubuhi na pikapu. Mpe mbuzi wote. Mpe pia blanketi tuliyomletea mama Gathoni, ingawa yeye hana makosa na naomba umwambie hivyo.

Unasema pombe yangu ndiyo iliyosema. Nimepika pombe nyingi, Mzee. Zinatoa povu, zinapasua chupa, zinaharibika nikizembea. Sijapika hata moja iliyojua jina lako.

Umenitukana mimi, nikavumilia. Sasa umemtukana kijana niliyemlea, ambaye hajawahi kunijibu kwa ukali hata siku moja. Hapo tumemalizana.

Kalondu


Ngoingwa
22 Februari 2025

Kwa Baba, na kwa Sista Kalondu,

Hii barua ni moja, nimeipiga kopi, kila mtu apate yake na mtu asiseme hakuona.

Tobias amekuja leo kuchukua mbuzi. Nimefunga geti na kufuli na funguo ninayo mimi. Amepiga honi wee, mwishowe Mami amempelekea chai huko nje, akanywa, akaenda. Mbuzi hawaendi popote. Ni wangu. Waliletwa kwa sababu yangu.

Mnaandikiana kama mawakili. Hakuna mtu ameuliza, "Gathoni, wewe unasemaje?" Baba, wacha kusema eti hukusema. Nilikuwa jikoni na Mami, ukuta ni wa mbao, na tulisikia ukisema. Mami aliacha kukata vitunguu. Sasa unataka mtu mwingine abebe hayo maneno, na kama hakuna mtu, yabebwe na pipa.

Na wewe Sista. Najua ulikosewa. Lakini ulipita hapo kwa mlango nilikokuwa nimesimama na kitenge changu, nikingoja kuitwa niulizwe kama nakubali hizo zawadi ziliwe. Hukuniangalia hata kidogo. Mimi sikukuita jina lolote mbaya. Nilikuwa nakungoja.

Kyengo hali chakula. Anasema hawezi kuchagua kati yangu na wewe, na mimi sitaki achague, nimekasirika tu. Kama hii vita yenu ni tamu, endeleeni. Mimi na yeye tutaenda kwa msajili wa ndoa na mashahidi wawili wa kuokota barabarani, halafu mtaandikiana kuhusu hiyo pia.

Gathoni


Mwiki, Ruiru
25 Februari 2025

Dada Kalondu,

Mimi ni Githae, yule wa kusimama. Gathoni amekuja hapa Mwiki na hizo barua zenu zote kwa mfuko, akanisomea. Nimekasirika sana, kwa hivyo usishangae na mwandiko.

Sijakasirika na wewe sana. Kidogo tu. Huyo ndugu yangu anasema nilikuwa mlevi, na wewe umejibu mambo yote lakini hiyo hujakataa.

Mimi niliacha pombe. Daktari aliniambia maini yangu imechoka, nikaacha kabisa, hata kanisani mpaka nihakikishe ni ile juisi. Siku hiyo ulinipatia glasi yako, na kwa sababu umeileta na mikono miwili sikutaka kukuvunjia heshima. Niliweka kwa ulimi tu. Hiyo ingine nikampatia Maina. Ndio maana Maina alilala kwa sukuma, alikuwa amekunywa yake na yangu. Kwa hivyo yale maneno niliyasema na akili yangu yote, na ningeyasema tena.

Sasa nikuambie kwa nini, kwa sababu Mburu hawezi.

Maitu, mama yetu sisi wawili, alikuwa mama pima. Huko huko Thika, kwa chumba ya mabati. Baba alienda kutafuta kazi na hakurudi. Maitu akaanza kupika. Viatu ya Mburu ya shule, vitabu yake, hiyo Kiswahili yake kubwa anakuandikia nayo, yote ilitoka kwa ile kikopo. Askari walikuwa wanakuja wanamwaga kila kitu, wanampiga tukiwa hapo, wanaenda naye. Akitoka anaanza tena, kwa sababu Mburu bado ako shule. Mimi niliacha shule nikamsaidia kuchota maji na kuangalia njia. Sikuona ubaya. Hata leo sioni.

Alipokufa, Mburu aliandika kwa ile karatasi ya mazishi eti marehemu alikuwa muuza mboga. Mama yetu hakuwahi kuuza hata kitunguu. Nilinyamaza kwa sababu ni matanga. Nimenyamaza mpaka nikazeeka. Watoto wake hawakujua. Gathoni amejua juzi, hapa kwangu, na amelia mpaka ikabidi nimpigie mama yake simu.

Halafu siku moja kabla mkuje, tumekaa tukipanga viti, Mburu anasema mama pima hawezi kukanyaga sebule yake. Dada, usiku huo sikulala. Hakuwa anakutukana wewe, wewe hata hakuwa anakujua. Na kesho yake namwona amefunga macho na kikombe mkononi. Mimi ninajua aliona nini. Hiyo bia yako iko na ile moshi, ile utamu wa sukari guru ikishika chini ya sufuria. Mimi nililamba tu, na nikamwona maitu ameinama kwa moto anafuta jasho na leso. Yeye amemeza kikombe mbili. Asituambie hakumwona.

Nimeandika barua kama hii nyingine. Hiyo ni ya Mburu.

Githae


Ngoingwa, Thika
27 Februari 2025

Bi. Kalondu,

Nimepokea barua ya Githae. Hakuwa na ruhusa ya kuyaandika hayo, kwangu wala kwako.

Nitakuja Gitothua Jumamosi. Mke wangu ndiye ataendesha gari. Siji kuomba chochote. Kuna mambo hayawezi kuandikwa na mtu akalala.

Mburu


Gitothua, Ruiru
3 Machi 2025

Kaka Githae,

Najua Gathoni atakusimulia, lakini yeye hakuwepo. Mimi nilikuwepo.

Ndugu yako alifika na koti la kanisani na tai, kana kwamba anakuja kuzika mtu. Mke wake Beth alinisalimia, akaniuliza kuhusu mitungi mikubwa ya chuma, akashika ukuta wa mmoja na kusema, "Kumbe ni baridi hivi." Mburu hakusalimu. Nilimpa kiti akakataa.

Akaanza na wewe. "Githae amemvua mama yetu nguo mbele ya watu."

Nikamwambia, "Ni wewe ulimvua. Ulimvua siku ile uliandika mboga."

Githae, mimi si mtu wa kelele, lakini siku hiyo kiwanda chote kilisikia. Wafanyakazi walitoka wakaenda kukaa barabarani. Aliniambia sijui kitu, kwamba sijawahi kusimama gwaride la shule watoto wakiziba pua kwa sababu nguo zangu zinanuka machicha ya pombe. Kwamba mwalimu alikuwa anamwita "Kikopo." Kwamba alipopata kazi aliapa mtoto wake hatanusa hiyo harufu hata kwa ndoto, halafu binti yake wa kwanza analeta nyumbani familia ya pombe. Alisema haya yote kwa hasira, akinionyesha kidole, kama ni mimi nilikuwa yule mwalimu.

Mimi nami nilimwambia. Nilimwambia nimewahi kusimama mbele ya benki, mbele ya machifu, mbele ya wachungaji, na wote waliniangalia kwa jicho moja, hilo lake. Kwamba kila mara nikiambia mtu napika bia, mwanaume ananitongoza na mwanamke anashika mkoba wake. Nilimwambia wale waliokuwa wakiziba pua ndio amekuwa yeye. Ameshinda mtihani wao wote, na zawadi aliyopata ni kumwonea haya mtu aliyemlisha. Beth akasema, "Kalondu, inatosha." Nikasema haitoshi. Beth akasema, "Basi endelea."

Lakini sikuwa na mengine. Hasira ikiisha maneno mtu hubaki amesimama tu.

Akaomba aonje. Sikutaka kumpa, nakuambia ukweli. Nilitoa kidogo sana. Aliinusa kwanza, muda mrefu, kisha akaweka mdomoni na hakumeza haraka. Akasema, si kwangu, sijui kwa nani, "Yeye sukari guru alikuwa anaweka mwisho. Ukiiweka mwanzo inaungua yote."

Kisha akasema, "Aliitwa Gathoni."

Wewe unajua. Mimi ndiye sikuwa nimefikiria, na hata sisi Wakamba tunajua jina la nyanya huenda kwa binti wa kwanza. Alimpa mtoto wake wa kwanza jina la mama yake mbele ya kila mtu, kisha akamficha mwenye jina. Beth alikaa chini kwa sakafu. Kumbe hata yeye, miaka hii yote ya ndoa, aliambiwa mboga. Alimtazama Mburu kwa njia ambayo sitaki mtu anitazame nayo maishani.

Akasema, "Nilisema lile neno. Ni mimi nilisema." Walienda kwa gari, Beth akawasha, na ndipo ndugu yako akashusha kioo nusu akasema, "Nisamehe." Nikamjibu, "Nimesikia." Sikusema nimekusamehe. Nimesikia. Unipatie muda.

Bado nina hasira, Githae. Naamka nayo, naoga nayo, nakuja nayo kazini. Na kwako pia ninayo kidogo, kwa sababu ulingoja mpaka mjomba wangu akae hapo ndipo ukasema. Ungemwambia usiku ule ule mkipanga viti. Lakini nimefikiria tena, na nadhani asingekusikia.

Harusi ni Jumamosi baada ya Pasaka. Jana nilimpigia Gathoni, nikamwambia nilipita mlangoni bila kumwona na kwamba sina sababu ya kumpa. Akaniambia rangi ya kitambaa cha nguo yangu, na kwamba fundi ananingoja nikapimwe. Huyu msichana atamtawala Kyengo vizuri.

Mburu anataka pipa lije. Amesema atasimama mbele ya wageni aseme limetoka wapi na bia yake imepikwa na nani, na yeye mwenyewe amezaliwa na nani. Mzee wa kanisa, mbele ya mchungaji. Nimemwambia nitaamini nikiona. Akaniuliza kama nitawamiminia wageni mwenyewe, kwa sababu mimi ndiye najua kuimimina.

Nimemwambia hapana. Nimemimina ya kutosha. Siku hiyo mimi ni mama wa bwana harusi, na nitakaa.

Kalondu